Kamera Isomayo Picha Mstari kwa Mstari

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa kama lilivyosemwa. Katika chumba cha redio walikuwapo Mwalimu na wanafunzi wawili wa darasa la jioni, Mzee na Mama.

MWALIMU: Naamini kila kiongozi wa kundi amekwisha kuandika ubaoni maneno sita ya leo: lenzi, mvukuto, kihisi, nukta, mstari, fokasi. Yasomeni kwa sauti mara moja, nami nitangoja.

(Hapa Mwalimu alinyamaza kidogo.)

Vema. Leo tutazungumza habari za kamera kubwa ambayo haipigi picha kwa mara moja kama kamera nyingine. Kamera hii huisoma picha. Nitawaeleza namna inavyofanya kazi, kisha tutaiweka tayari pamoja, hatua kwa hatua, kana kwamba iko mbele yetu mezani.

Kamera ya kawaida ni kama jicho linalofumba na kufumbua. Mwanga huingia wote kwa pamoja, picha yote hupatikana kwa kitambo kidogo sana, kazi imekwisha. Kamera ya leo sivyo. Nyuma yake, mahali ambapo zamani ilichomekwa filamu, kuna kisanduku chembamba. Ndani ya kisanduku mna kipande kirefu, chembamba kama rula, nacho huitwa kihisi, maana huhisi mwanga. Juu ya kihisi zimepangwa safu tatu za vijicho vidogo. Safu ya kwanza huona rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Katika kamera moja maarufu ya namna hii kila safu ina vijicho 6000, na safu nzima ina urefu wa milimita 72 tu.

Mota ndogo hukisukuma kihisi hicho kutoka upande mmoja wa picha mpaka upande wa pili. Kila hatua kihisi hupokea mwanga wa mstari mmoja, hutoa hesabu yake kwa kompyuta, kisha husogea kwenye mstari unaofuata. Hatua ni 8000 katika milimita 96. Gawanyeni wenyewe: katika milimita moja mna mistari 83. Unywele mmoja wa kichwani ukilazwa hapo huchukua hatua tano au sita.

Ninyi kazi hii mnaijua. Mlipoanza kusoma mliweka kidole chini ya mstari, mkausoma mpaka mwisho, kisha mkashusha kidole. Hamkuweza kumeza ukurasa wote kwa mtazamo mmoja. Kamera hii nayo haiwezi, na taabu zake zote zinatoka hapo. Sifa zake nyingi pia.

Mmoja wa watu waliozitengeneza za mwanzo za namna hii kwa kamera za inchi 4 kwa 5 ni fundi Mmarekani, Michael Collette, wa California, mwaka 1994. Shauri lake lilikuwa la busara. Hakuunda kamera mpya. Alikifanya kile kisanduku kiwe na umbo la kuingia mahali pa filamu katika kamera kubwa zilizokuwa zimekwisha kutumiwa miaka mingi, basi aliyekuwa na kamera ya zamani hakulazimika kuitupa. Mwaka ule ule mpigapicha Stephen Johnson aliijaribu mjini San Francisco, akailinganisha picha yake na picha ya filamu. Baada ya jaribio hilo aliiacha filamu. Baadaye aliichukua kamera hiyo katika mbuga za taifa za Marekani, milimani na pwani, ijapokuwa ilikuwa imefikiriwa zaidi kwa kazi za ndani ya nyumba.

MZEE: Mwalimu, samahani. Sisi huku tutaifanyia nini?

MWALIMU: Swali zuri, Mzee. Fikiri juu ya karatasi. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimo hati za zamani za utawala wa Wajerumani, na ramani. Katika majumba ya pwani wako watu wenye vyuo vya babu zao vilivyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi hizo huliwa na mchwa, hupata ukungu, huvunjika zikikunjuliwa. Ziko nyingine ambazo zitastahimili kufunguliwa mara moja tu. Siku hiyo moja ikifika, picha ikiwa mbovu, huenda maneno yale yasisomwe tena na mtu yeyote. Kwa kazi za namna hiyo, na kwa picha zilizochorwa kwa rangi, maktaba na makumbusho ya nchi nyingi yalizinunua kamera hizi.

Sasa tuiweke tayari. Twende polepole.

Kwanza, mahali. Tafuta chumba chenye sakafu ya saruji, si ya mbao. Katika sakafu ya mbao mtu akipita mlangoni, kamera hutikisika. Kwa kamera ya kawaida si kitu. Kwa kamera hii, kila mtikisiko huandikwa katika mstari uliokuwa ukisomwa wakati huo, na mstari ulionyooka katika ramani utatoka na kinundu. Zima pangaboi. Funga madirisha. Kama barabara iko karibu na malori yanapita, fanya kazi usiku. Haya si madaha, ni nusu ya kazi nzima.

Pili, kamera yenyewe. Ina vibao viwili vilivyosimama. Kibao cha mbele kimeshika lenzi, cha nyuma kimeshika kioo chenye ukungu, na katikati umefungwa mvukuto mweusi, kama mvukuto wa mhunzi lakini wa umbo la pembe nne. Mvukuto hurefushwa na kufupishwa ili picha iwe kali. Kama unapiga karatasi, kamera hufungwa juu ya nguzo nzito, lenzi ikitazama chini mezani. Kaza kila skurubu. Kisha ishike kamera kwa kidole kimoja uisukume taratibu. Ikinesa, rudia kukaza.

Tatu, kamera na meza lazima vitazamane sawasawa, la sivyo upande mmoja wa karatasi utakuwa mkubwa kuliko mwingine. Hapa mafundi wana hila moja nyepesi ambayo naipenda kuliko vipimo vya bei kubwa. Laza kioo cha kujitazamia mezani, mahali pa karatasi. Chungulia katika kioo cha ukungu nyuma ya kamera. Utaiona lenzi ikijitazama yenyewe. Kama sura ya lenzi iko katikati kabisa, kamera imenyooka. Kama imeenda kando, inamisha kibao kidogo kidogo mpaka irudi katikati.

MAMA: Na taa, Mwalimu? Jua halitoshi?

MWALIMU: Jua lina nguvu ya kutosha, Mama, lakini lina mawingu. Hebu tufanye hesabu. Mistari ni 8000. Tuseme kila mstari unapewa sehemu moja ya sitini ya sekunde. 8000 gawanya kwa 60, tunapata sekunde 133, yaani dakika 2 na sekunde 13. Mwanga ukiwa hafifu, ukatoa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde kwa kila mstari, kazi itachukua karibu dakika 9. Katika dakika 9 wingu likipita, sehemu ya picha iliyosomwa wakati wa wingu itakuwa na giza. Johnson kule mbugani alikuwa akishindana na mambo haya haya.

Taa ya kumweka, ile inayotoa mwanga wa ghafula, haifai hata kidogo. Mwanga wake huisha kabla mstari mmoja haujamaliza kusomwa. Mistari mingine 7999 ingebaki gizani.

Basi ni taa za kuwaka daima. Hata hizo zina siri yake, sikilizeni vizuri. Umeme wa kwetu hubadili mwendo wake mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Kwa hiyo taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde, na jicho halioni. Kihisi huona. Katika sehemu moja ya sitini ya sekunde mstari mmoja hupata mipwito miwili, mwenzake hupata mmoja na kitu. Matokeo yake ni michirizi ya giza na mwanga katika picha nzima, kama shuka ya kikoi. Taa za balbu za waya hazipwiti sana kwa sababu waya wa moto haupoi haraka, ila zina joto kali. Taa za mrija zenye kifaa cha kuendesha umeme kwa kasi kubwa ni nzuri. Taa za LED za bei rahisi nyingi hupwita, basi zijaribuni kwanza kwa karatasi nyeupe tupu. Hila hiyo ya karatasi nyeupe ndiyo hakimu wa mwisho. Isome kwa kamera, tazama katika kompyuta: ikiwa nyeupe yote ni sawa, taa ni njema.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni hulipita upesi, kwa kuwa waandishi wake hawakai na umeme wetu. Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, au friji ikianza kunguruma chumba cha pili, nguvu ya umeme hushuka kwa kitambo, na taa hufifia. Mtu hataona. Picha itaonyesha ukanda. Kwa hiyo kifaa cha kutuliza umeme kinunuliwe pamoja na kamera, kisingoje mwaka ujao. Na taa ziachwe ziwake dakika kadhaa kabla ya kuanza, zipate kutulia.

Weka taa mbili, moja kushoto na moja kulia, kila moja ikipiga meza kwa mshazari, nusu ya pembe mraba. Kujua kama zimelingana, simamisha penseli katikati ya meza. Itatoa vivuli viwili. Vivuli vikiwa na weusi sawa, taa zimelingana. Kimoja kikiwa cheusi zaidi, taa iliyo upande wa pili wa penseli ndiyo yenye nguvu, basi isogeze nyuma.

(Hapa makundi yalipewa dakika mbili kujaribu kwa penseli na taa mbili.)

Nne, kichujio. Kihisi hiki huona na mwanga ambao sisi hatuuoni, ule wa jamaa ya joto, uitwao infraredi. Usipozuiwa, kitambaa cheusi hutoka chekundu chekundu katika picha. Kipande cha kioo maalum hufungwa kwenye lenzi kuuzuia. Ni kidogo, hupotea kwa urahisi. Kitunzeni mahali pamoja siku zote.

Tano, vumbi. Katika kamera ya kawaida chembe ya vumbi huacha alama ndogo kama nukta. Hapa chembe hiyo imekaa juu ya kijicho kimoja, na kijicho hicho husafiri picha nzima. Basi chembe moja huchora mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukipita juu ya maandishi yote. Safisheni kwa pumzi ya mpira, si kwa pumzi ya mdomo. Mdomo una mate.

Sasa weka karatasi. Lakini ngoja. Isiwe ile ya asili. Chukua gazeti lenye ukubwa ule ule, ulitumie kwa majaribio yote. Mwanga huichosha karatasi ya zamani na wino wake, na uchovu huo hujilimbikiza. Haurudi nyuma hata karatasi ikifungiwa kabatini miaka kumi. Kila dakika ya kubahatisha juu ya karatasi ya asili ni dakika iliyochukuliwa kutoka maisha yake.

Kwa gazeti lako, lenga fokasi. Chungulia katika kioo cha ukungu, sogeza kibao mpaka herufi zikae kali. Punguza tundu la lenzi, namba 11 hufaa kwa kazi nyingi. Kisha toa kioo, ingiza kisanduku cha kihisi, unganisha waya wake na kompyuta. Waya usining'inie ukivuta kamera. Ufunge kwenye nguzo. Katika kompyuta amuru usomaji mfupi wa majaribio, ambao huruka mistari mingi na kuisha kwa kitambo kidogo. Hapo utaona kama karatasi imekaa sawa, na utaitazama upya fokasi kwa kuagiza kihisi kisome kipande kidogo tu chenye maandishi. Usiliamini jicho lako peke yake katika kioo cha ukungu. Kihisi ndicho kitakachosoma, basi kiulizwe chenyewe.

Weka kadi ya kijivu na kadi ya rangi kando ya karatasi. Kadi ya kijivu huiambia kompyuta rangi ya taa zako, ili nyeupe itoke nyeupe, isitoke ya manjano. Kompyuta hupima mwanga kwa hesabu kutoka 0, yaani giza tupu, mpaka 255, nyeupe isiyo na kitu ndani yake. Pahali peupe kuliko pote pa karatasi pasifike 255. Pakifika, wino hafifu ulioandikwa hapo umepotea, na hakuna ufundi wa baadaye utakaourudisha. Paache karibu na 240.

Yote yakiwa sawa, ondoa gazeti, leta karatasi ya asili kwa mikono miwili, juu ya ubao mwembamba. Iache itulie chini ya taa kwa muda mfupi. Karatasi ya zamani ikipata joto hukauka na kujikunja kidogo. Ikijikunja wakati wa kusomwa, maandishi yatatoka yamepinda. Wengine huilalia kioo safi ili iwe bapa, nami sipingi, ila wino ukiwa unabanduka msiweke kioo kamwe. Kisha amuru kamera isome. Watu wote wasimame mahali walipo. Asipite mtu.

MAMA: Mwalimu, mtoto anaweza kupigwa picha kwa kamera hii?

MWALIMU: (Akicheka.) Mama, mtoto gani huyo atakayekaa dakika mbili bila kujikuna? Akigeuza kichwa, pua itasomwa mahali pengine na masikio mahali pengine. Tena zile safu tatu za rangi hazipiti mahali pamoja kwa wakati mmoja. Safu nyekundu hupita, kijani hufuata, buluu mwisho. Kitu kikitembea, nyekundu yake inakaa hapa, buluu yake pale. Ndiyo maana katika picha za maji ya bahari zilizopigwa kwa kamera hii mawimbi huwa na vijistari vya rangi kama upinde wa mvua.

MZEE: Na kwa nini tusitumie simu? Wajukuu zangu hupiga kila kitu kwa simu.

MWALIMU: Tumia, Mzee. Kama ni barua moja ya kusoma maneno yake, simu hutosha, nami ningeona afadhali hati ipigwe kwa simu leo kuliko kungoja kamera kubwa mpaka mchwa wafike. Tena siku hizi ziko kamera za kupiga mara moja zenye nukta milioni 100 na zaidi, na kazi nyingi za maktaba zimehamia kwao kwa sababu ni za haraka. Kamera ya kusoma mstari ina jambo moja lake. Katika kamera za kawaida kila nukta hupimwa rangi moja tu, na kompyuta hukisia mbili zilizobaki kwa kutazama majirani. Hii yetu hupima zote tatu katika kila nukta, haikisii. Kwa rangi za mchoro, au kwa wino mwekundu uliofifia juu ya karatasi ya kahawia, tofauti hiyo huonekana.

Tufanye hesabu ya mwisho. Karatasi ni ya sentimita 60 kwa 80. Kamera ina nukta 6000 kwa 8000. Kila milimita itapata nukta 10. Herufi yenye kimo cha milimita 2 itapata nukta 20, nayo itasomeka vizuri sana. Nukta zote ni 6000 mara 8000, yaani milioni 48. Kila moja ina rangi tatu, basi hesabu ni milioni 144. Picha moja huweza kuchukua megabaiti 144, na mara mbili ya hapo ikihifadhiwa kwa vipimo vilivyo laini zaidi. Kwa hiyo nunueni nafasi ya kutosha, tena mahali pawili. Nakala moja ikae katika nyumba ile, nyingine katika nyumba ya mbali. Moto haujui kuchagua kati ya karatasi na kompyuta.

Kabla ya kuirudisha karatasi ya asili kabatini, fungueni picha, ikuzeni, mzitazame pembe nne na katikati, mstari kwa mstari. Kosa likionekana sasa, karatasi bado iko mezani.

Kazi ya kundi kwa juma hili ni hii. Mmeletewa ramani ya mashamba ya sentimita 120 kwa 160, na majina ya wenye mashamba yameandikwa kwa herufi za milimita 2. Kila milimita itapata nukta ngapi kwa picha moja, na kila herufi ngapi? Je, mtaipiga mara moja, au kwa vipande vinne? Mkiipiga kwa vipande vinne, kila mstari ukipewa sehemu moja ya sitini ya sekunde, taa zitawaka juu ya ramani kwa dakika ngapi? Andikeni majibu kwa wino katika daftari, na kila mmoja asome lake mbele ya kundi.